Miaka Ishirini, Nansio

Ijumaa mchana Bernadetta na mumewe Nkwabi walipanda meli ya kwenda Nansio, ng'ambo ya ziwa, kusherehekea miaka ishirini ya ndoa. Safari aliipanga binti yao Getruda. Tangu baba yake apate kiharusi mwaka jana, wazazi hawakuwa wametoka nyumbani Kiseke ila kwenda hospitali.

Nkwabi alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa kukimbia uwanjani pamoja na wanafunzi wake. Sasa mguu wa kulia aliuburuta, na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Bernadetta ndiye aliyekuwa akimvalisha, akimkata kucha, akimkumbusha dawa. Melini alimfunika kanga magotini bila kumuuliza. Nkwabi akatazama pembeni.

Walifikia hoteli ndogo iliyo mbele ya ufukwe wa mchanga na mawe makubwa. Jioni wakaletewa sato wa kuchoma. Bernadetta akavuta sahani ya mumewe, akaanza kumtolea miiba.

"Acha," Nkwabi alisema.

"Mwiba utakukwama."

"Mama Getruda, nimesema acha. Watu wanaangalia."

Watu wenyewe walikuwa vijana wawili waliokuwa wakipigana picha. Bernadetta akairudisha sahani. Nkwabi akala kwa mkono wa kushoto, kachumbari ikamwagikia shati. Mkewe akainuka kumfuta. Nkwabi akamzuia mkono.

"Nilioa mke," alisema polepole, maana hata maneno yalikuwa bado yanamchelewa. "Sikuoa nesi."

"Na mimi unadhani niliomba kuwa nesi? Umewahi kuniuliza kama nimechoka? Nimechoka, Baba Getruda!"

Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Mwaka mzima watu wa jumuiya ya kanisani walikuwa wakimsifu kwa uvumilivu, naye akiitikia asante. Usiku ule walilala wamepeana migongo.

Asubuhi Bernadetta alipoamka, mumewe hakuwepo kitandani. Alitoka peku hadi ufukweni, akaiona fimbo ya kutembelea ya mumewe imelala ukingoni mwa maji.

"Nkwabi!" Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi.

"Niko hapa. Utaamsha hoteli nzima."

Alikuwa amesimama kando ya jiwe, maji yamemfika kifuani, anatabasamu.

"Umeingiaje humo?"

"Nilikaa chini nikajisogeza kwa makalio, kama mtoto. Hebu tazama."

Nkwabi alizaliwa Kayenze, pembeni ya ziwa, na kuogelea alikujua kabla ya kusoma. Alishika jiwe kwa mkono wa kushoto, akajilaza chali majini, akakaza uso. Taratibu mguu wa kulia ukapanda, hadi vidole vikachungulia juu ya maji.

Bernadetta akaziba mdomo kwa viganja.

"Nchi kavu mguu huu unanigomea," Nkwabi alisema. "Humu unanisikia. Njoo."

"Sijui kuogelea, unajua." Yeye alikulia migombani huko Kagera, na ziwa alilitazama kwa mbali tu.

"Nitakushika."

Akaingia na gauni lake la kulalia. Maji yalikuwa ya baridi. Akateleza, akapiga ukelele, na mkono wa kushoto wa mumewe ukamdaka kiunoni. Wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi.

"Uchovu wako niliuona," Nkwabi alisema walipotulia. "Niliogopa kukuuliza."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema umechoka, halafu uondoke."

"Sasa nimesema. Nimeondoka?"

Nkwabi akatikisa kichwa. "Dada yangu Rose alitaka awe anakuja Jumamosi kukaa na mimi. Nikakataa. Nitamwambia aje, wewe urudi kwaya uliyoiacha kwa ajili yangu."

"Rose atakupikia ugali mbichi."

"Nitaula."

Kutoka kwenye ngazi za hoteli mhudumu akapaza sauti kwamba chai iko mezani.

"Tunakuja!" Bernadetta alijibu, lakini hakusogea. Nkwabi alikuwa ameshika jiwe tena, naye alitaka kuona safari hii mguu utafika wapi.