Kaburi la Mama Kando ya Dimbwi la Viboko

Mimi ni mwongo, na nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Pole zenu sizitaki. Nilimdanganya kaka yangu Eliya mahali ambapo mtu hadanganywi, na sasa hayupo tena nikamwombe radhi.

Eliya alinizidi miaka minane. Kisukari kilikuwa kimeshamla macho yote mawili, kikamkata vidole vya mguu, na mwaka huu kikaingia kwenye figo. Daktari akamwambia Stanley, mwanawe mkubwa, ampe mzee chochote roho yake inachotaka. Stanley akaenda kumuuliza. Wengine wangetaka supu ya mbuzi, Eliya akasema anataka kufika kwenye kaburi la mama, na kwamba shangazi Magdalena anapajua.

Ni kweli, nilipajua. Mama alizikwa Kwa Njoghomi, kitongoji chetu cha zamani kando ya mto, nikiwa na miaka kumi na moja. Eliya wakati huo alikuwa kibarua wa reli Itigi, na hakuja kuzika. Alituambia barua ya baba ilimfikia mama ameshazikwa. Mwaka uliofuata tukapakiwa kwenye lori tukaletwa huku Ihanja, kitongoji kikawa ndani ya pori la akiba, na baba akafa bila kurudi. Miaka hamsini, kila tulipokutana kwenye msiba au harusi, Eliya alinivuta pembeni akaniuliza kama bado napakumbuka. Nami nilimjibu kwa maringo: ukitoka ukingoni mwa dimbwi la viboko unapanda hatua arobaini, unakuta jiwe. Sikuwa na shamba la maana wala mtoto aliyesoma, lakini hilo nilikuwa nalo.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kusagia. Kwenye ukoo wetu mwanamke hakuwekewa msalaba, aliwekewa jiwe alilosagia uwele maisha yake yote, limepinduliwa kifudifudi juu ya kifua chake, maana kazi imekwisha. La mama lilikuwa jekundu, lina pengo ubavuni. Pengo hilo nililitia mimi kwa kuliangusha, na nilichapwa kweli kweli.

Basi Stanley akashughulika na simu yake, tukaandikishwa watalii wa ndani. Mimi niliyeogea mto ule nikiwa uchi, leo mtalii, tena nimevalishwa kofia! Habari za kaburi Stanley hakuzitaja, aliogopa tutadaiwa kibali kingine na mzee hana siku za kungoja. Getini tukapewa askari wa wanyamapori, Ignas, mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye bunduki na adabu zake. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akaketi mbele na Stanley.

Njia nzima Ignas alituonyesha tandala, pofu, ngiri wanaokimbia mkia juu. Hakuwa amegundua kwamba mzee haoni, na Eliya hakutaka kumwaibisha. Akiambiwa tandala wako kushoto, anageuza uso kushoto na kuitikia, "Wazuri sana." Mbung'o walituingilia madirishani wakatutoboa hadi kwenye nguo. Eliya akajipiga shingoni, akasema, "Hawa nao mbona hawakuhamishwa?" Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na furaha siku ile, nasema ukweli.

Mtoni nilikuta kambi. Nilijua kuna mahali pa wageni, lakini nilidhani ni huko mbali. Kumbe ni pale pale kwetu: mahema ya turubai, meza za mbao, maegesho ya magari, vyoo viwili vya matofali. Mto ulikuwa umekauka, Oktoba ile, limebaki dimbwi la tope na viboko kama ishirini wamebanana ndani yake migongo imepasuka kwa jua. Mmoja alikuwa amekufa na wenzake wamemlalia. Ignas alisema mvua zikichelewa wiki mbili wengine watamfuata, na hakuna la kufanya.

Stanley alimkalisha baba yake kwenye kiti kivulini, akaenda ukingoni kupiga picha. Mimi nikaenda kuomba chai kwa mpishi wa kambi, mama mmoja anaitwa Dorkas. Birika lilikuwa jikoni juu ya mafiga matatu. Figa la upande wa kwangu lilikuwa bapa, limesimamishwa kwa ubavu, jeusi kwa masizi, na pale masizi yalipobanduka pakaonekana wekundu. Nilichuchumaa. Nililiona pengo.

Nikamuuliza Dorkas mawe haya wameyatoa wapi. Akasema, "Hapa hapa, mama. Katapila lilipokuja kusawazisha kambi lilisukuma kila kitu likarundika kule chini, sisi tukachagua yaliyo mazuri." Nikamuuliza lilisawazisha kuanzia wapi. Akanyoosha mwiko, akauzungusha: kuanzia miyombo ile, mahema yote, magari, mpaka kwenye vyoo. Nilimwomba Mungu pale pale isiwe vyooni. Mpaka leo sijui ni wapi.

Dorkas hakuwa na kosa. Hata mwenye katapila, angejuaje? Kama tungeweka msalaba wa saruji kama watu wengine, angeuona akaukwepa. Sisi tuliweka jiwe la kusagia, na jiwe la kusagia kwa asiyelijua ni jiwe tu.

"Magdalena," Eliya aliita kutoka kwenye kiti chake, "nawasikia viboko. Tumefika, sivyo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Jiwe la mama lilikuwa hatua sita kutoka alipoketi. Ningeondoa birika, nikalimwagia maji lipoe, nikamshika mkono nikamwambia, kaka, kaburi limepotea lakini jiwe hili hapa, liguse. Angelia, tungelia wote. Badala yake niliona aibu. Miaka hamsini ya kujigamba, halafu nimwambie mama yuko chini ya magari? Nikasema, "Tumefika, kaka. Ni pale mbele kidogo."

Nikamwambia Ignas mzee anataka kusali kando, naye akatufuata kwa mbali na bunduki yake. Nikamwongoza Eliya kufuata ukingo mpaka upande wa juu wa kambi, ambako katapila halikufika. Nikageuka tukaanza kupanda. Kaka yangu akaanza kuhesabu hatua kwa sauti! Hesabu ile nilimfundisha mwenyewe. Arobaini yake ilitukuta kwenye nyasi zilizoungua na kichuguu kimoja kidogo kilichobomoka.

"Ni hapa," nikasema.

Akapiga magoti kwa shida, akapapasa. "Jiwe liko wapi?"

"Ardhi imelimeza, kaka. Ni miaka mingi."

Akaanza kuchimba. Alichimba kwa vidole, udongo mgumu kama tofali, kucha zikaanza kutoka damu. Nikamwambia aache, humu kuchimba ni kosa na askari anatuangalia. Aliacha. Eliya alikuwa mzee wa kanisa, sheria aliiheshimu.

Nilidhani atasali Baba Yetu tuondoke. Akaweka viganja vyote viwili chini, akasema taratibu:

"Mama, ni mimi Eliya. Ile barua niliipata ungali hai. Niliipata siku tisa kabla. Baba aliandika kwamba unaniuliza. Niliomba ruhusa kazini, nikapewa siku nne, nikapanda treni nikaenda Tabora kwa msichana mmoja, hata jina lake limenitoka. Nilisema utapona tu. Nimewadanganya wote, mke wangu, wanangu, Magdalena huyu. Siombi kitu. Nilitaka wewe ujue kutoka kwangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mimi ndiye niliyekaa na mama siku zile tisa. Kila mbwa alipobweka alinituma nje nikaangalie kama Eliya amefika, nami nilirudi nikamwambia bado, mama. Nilimchukia kaka yangu pale. Nilitaka kumwambia hayo yote amekiambia kichuguu. Maneno yalinifika mdomoni kabisa.

Kisha nikaona viganja vyake vyenye damu bado viko juu ya udongo. Amelibeba jambo hilo tangu ujana, amekuja nalo kipofu, na siku ya kulitua, mimi nimemleta mahali ambapo hapana mtu.

Akainamisha kichwa. Halafu akanyoosha mkono nimnyanyue. Uso wake ulikuwa umetulia, sijawahi kumwona vile.

"Amenisikia," akasema. "Umeona, Magdalena? Amenisikia."

"Amekusikia, kaka."

Alikufa baada ya siku kumi na tisa. Siku ya matanga Stanley alisimama mbele ya watu akasema baba yake ameondoka na amani, na amani hiyo ameipata kwa shangazi. Watu walinipigia makofi, wanawake wakanijia kunishika mikono. Nikaitikia kwa kichwa, ningefanyaje?

Sasa watoto wa Eliya wamekubaliana. Juni, kiangazi kikishika, watakwenda wote na wajukuu, mara hii kwa kibali rasmi, wamjengee bibi yao kaburi la saruji pale baba alipopiga magoti, liandikwe jina, vizazi vijavyo vije kusali. Juzi Stanley alinitania kwenye simu, "Shangazi, tunakutegemea, usije ukatufia kabla ya Juni."

Nilicheka ili asijue. Hicho ndicho ninachomwomba Mungu kila siku, nife kabla ya Juni.