Sura ya Mama Elise

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa, na Jumamosi asubuhi, wachoraji walipokuja kutundika picha zao kando ya soko la Manika, mjini Kolwezi, tope jekundu lilifika vifundoni. Watu wengine wangerudi nyumbani. Wao walifunga maturubai kwenye miti ya kando ya barabara, wakaketi chini yake pamoja na picha zao: treni, mamba, mashimo ya shaba, wanawake wakitwanga mihogo.

Mianda alipita turubai moja baada ya jingine, viatu mkononi. Hakutafuta treni wala mamba. Mwezi ule alikuwa ametimiza miaka thelathini na minane, umri ambao mama yake, Mama Elise, hakuuvuka, na tangu siku hiyo alikuwa akijitazama kwenye kioo na kujiuliza kama wanafanana. Mama Elise alifia nyumbani kwao Lubudi bila kupigwa picha hata moja.

Alisimama kwa mchoraji mmoja aliyeitwa Ngoy, mtu mpole mwenye rangi kwenye kucha, kwa sababu nyuso kwenye picha zake zilikuwa nyuso za watu kweli.

"Tata, unaweza kuchora mutu mwenye haukumuona hata siku moja?"

"Ukiniambia vizuri, mama, nitamuchora."

Akamketisha juu ya kasha, akavuta mbele yake gunia la unga lililokazwa kwenye fremu, akashika kipande cha mkaa. Alikuwa wa namna gani? Mukonda, alisema Mianda. Pua? Mianda akafikiri. Meno? Akafikiri tena. Alichokumbuka ni mifupa ya mabega chini ya kitambaa, na mkono uliokuwa ukiomba maji. Alikuwa na miaka tisa tu mama yake alipokufa.

Baada ya saa nzima Ngoy aliweka mkaa chini.

"Mama, hapa nimechora ugonjwa. Mutu mwenyewe hajafika bado. Hakuna mwengine mwenye alimujua?"

Alikuwapo mmoja. Kazadi, kaka yake, aliyemzidi miaka kumi, aliondoka Lubudi kuja kufanya kazi mgodini Kolwezi mama yao akiwa bado mzima. Hakuonekana msibani. Mianda alilelewa na shangazi, akaolewa, akaletwa na ndoa mpaka mji uleule wa kaka yake, na kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakisalimiana mlangoni pa kanisa kama majirani wasiofahamiana sana. Hakuwahi kumuuliza. Yeye naye hakuwahi kusema.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Mianda alibisha kwenye nyumba ya Kazadi. Alikataa kuketi. Alisema alichotaka akiwa wima, maji yakimdondoka kwenye sakafu, na alipomaliza, Kazadi alisema tu, "Kesho, misa ikiisha."

Jumapili mvua haikuwa imepungua. Kazadi alifika na koti lake zito la kazi, akamsalimu Ngoy, akatazama ule uso wa mkaa kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Mama," alisema Mianda.

"Hapana. Mama alikuwa munene! Mashavu hivi." Akajaza mashavu yake upepo, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, na Ngoy akacheka. "Na meno yake ya mbele ilikuwa na mwanya. Alikuwa anacheka mpaka anaficha kinywa na mukono, juu ya ule mwanya."

Mianda alimtazama kana kwamba anasema habari za mtu mwingine.

"Mama alikuwa anacheka?"

"Kila siku. Kwani weye haukumusikia?"

Hakumsikia. Mvua ilipiga turubai kwa nguvu, na Ngoy, aliyekuwa na adabu, akainuka kwenda kumwaga maji yaliyojaa upande wa pili. Kazadi akaketi kwenye kasha karibu na dada yake.

"Mi nilikuja, Mianda."

"Ulikuja wapi?"

"Lubudi. Habari ya kifo ilinifikia siku ileile, nikapanda treni. Tukakwama Tenke siku tatu, maji ilikuwa imebeba njia. Nilipofika, walikuwa wamemuzika. Nikaenda mpaka kwa shangazi, nikasimama inje, pa mulango wa lupango. Nikakuona unabeba maji. Ulikuwa umevaa kitambaa yake ya rangi ya majani, ile alikuwa ananiaga nayo pa gare ya treni. Ilikuzunguka mara tatu, na bado ilikuwa inaburuta chini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikajisemea, huyu mutoto ataniuliza, yaya, kaka yangu, ulikuwa wapi? Nikakosa jibu. Nikarudia njia nilikuja nayo. Kisha miaka ikapita, na kila mwaka haya ilikuwa inaongezeka."

Mianda alitazama miguu yake iliyojaa tope. Miaka ishirini na tisa alikuwa ameamini kwamba kaka yake hakujali. Alikuwa amejenga maneno mengi ya kumwambia siku moja, makali, yaliyopangwa vizuri, na sasa hakuliona hata moja lililofaa.

"Singekuuliza kitu, yaya," alisema mwishowe. "Ningekupa ile ndoo ya maji ubebe."

Kazadi akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Mianda akaweka mkono juu ya goti lake na kuuacha hapo.

Ngoy aliporudi alifuta uso wa jana kwa kitambaa, lakini kabla hajaanza upya aliuliza, "Sasa nichore yupi? Wa weye, mama, ama wa tata huyu?"

"Chora wa yaya," alisema Mianda. "Wangu niko naye tangu zamani. Amekaa nami vya kutosha."

"Lakini umuvalishe ile kitambaa ya majani," alisema Kazadi.

Wakafanya kazi hiyo mchana kutwa, watatu. Kazadi alisema mashavu, Mianda alisema ua la njano lililokuwa kwenye pindo. Walibishana kuhusu masikio. Mara mbili wote wawili walisema kwa pamoja, "Si vile!" na Ngoy akafuta bila kununa. Alipopaka mwanya wa meno, Kazadi alisimama, akageuka kutazama barabara.

Rangi ingechukua siku nne kukauka. Mianda na kaka yake waliibeba picha ikiwa mbichi, kila mmoja ameshika upande mmoja wa fremu, turubai dogo la Ngoy juu yake, wakitembea kwa hatua za pole kama watu wanaobeba mgonjwa. Nyumbani kwa Mianda, Kazadi alisita mlangoni, kwa kuwa hakuwa amewahi kuingia humo.

"Ingia, yaya. Bukari inapoa."

Binti wa Mianda, Adolphine, akaja na taa. Akaiinamia picha, akaangalia yale mashavu na ule mkono ulionyanyuka kuelekea kinywani.

"Anacheka nini?"

Mianda hakujua. Akamvutia kaka yake kiti, na Kazadi akanawa mikono, akamega tonge la bukari, akaanza kuwasimulia.