Mgongo Wazi Ulioota Nyama

Mwaka wa tisini na tatu, Chemutai alikuwa akikaanga mgongo wazi kando ya soko la Kitale. Kwa asiyejua, kiwanda cha ziwani huchuna minofu ya samaki aitwaye mbuta na kuipeleka Ulaya kwa ndege. Kichwa na mifupa, ndiyo mgongo wazi, huletwa kwetu kwa lori, vikinuka, nzi wakiwa abiria. Chemutai alikuwa ameuza samaki miaka mingi na hajawahi kuonja mnofu.

Alhamisi moja mifupa iliota nyama ndani ya mafuta. Ilianzia shingoni ikashuka polepole hadi mkiani, nyeupe, nene. Chemutai akaongeza kuni, maana nyama huchelewa kuiva kuliko mfupa.

"Mama, leo huyu amevaa," alisema Wabwile, fundi baiskeli wa kutoka Myanga.

"Kula basi, bana, kabla hajavua."

Kipande kimoja Chemutai alikifunika kwa sufuria. Hicho kilikuwa chake.

Wiki hiyo shirika moja la uvuvi wa kuwajibika lilikuwa na semina mjini, hotelini, mbali kabisa na ziwa. Walikuwa wakila minofu tangu asubuhi. Ofisa wao, Bwana Munene, alifika sokoni akicheua, mchuzi kwenye ndevu, kitambaa puani. Akachungulia karai.

"Mama, wewe ulinunua nini?"

"Mifupa."

"Basi hii nyama si yako, ni ya kiwanda. Kuiuza ni uvuvi haramu."

"Ati uvuvi? Si mimi hata ziwa sijawahi kuona."

"Ndiyo maana tunafundisha."

Akakwangua nyama yote kwa kisu, akaitia kwenye sanduku la barafu. Kisha akainua sufuria. Kile kipande alikila papo hapo, amesimama, eti anapima ubora, akajipangusa vidole kwenye leso ya Chemutai. Akamwachia rundo la vijitabu vya semina.

Tangu hapo nyama huota kila Alhamisi, na gari la shirika hufika kabla haijapoa. Mifupa inayobaki Chemutai huifungia wateja kwa vile vijitabu, ambavyo kila ukurasa una picha ya mbuta mnene. Wabwile hufyonza mfupa wake hadi uishe utamu, kisha hulamba mafuta kwenye picha, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Huyo naye ana ladha gani?" Chemutai humwuliza.

"Ya wino," husema Wabwile. "Lakini ako na nyama."