Turubai Bila Mapazia

Bandeji ilikuwa bado shingoni mwa Nyamburi, pale daktari wa Musoma alipomkata uvimbe. Daktari hakumung'unya maneno: jua litamla kipande kwa kipande asipojifunika. Ngozi yake ya ualbino ilikuwa imevumilia miaka mingi ndani ya Landrova lake lisilo na paa, akizunguka vijijini kutibu ng'ombe.

Ndiyo maana sasa alisimama katika banda la Luhende, fundi wa maturubai mjini Bunda, akipapasa vitambaa viwili. Alipouinua wavu mweusi wa kivuli, vijidoa vya jua vilimwangukia kiganjani kama punje za mtama.

"Huu hapana. Nipe turubai."

"Na mapazia pande zote," alidakia kaka yake, Mugeta. "Asionekane."

"Nimekuja kutafuta kivuli, kaka. Sikuja kujificha."

Mugeta alimtazama fundi. "Mwambie."

Luhende aliinamia cherehani yake. "Jana, gari lilipokuwa hapa nalipima, alikuja mtu na pikipiki. Simjui. Aliuliza gari la daktari wa mifugo linapitaga njia gani kwenda Nyamuswa. Akauliza kama unakuwaga peke yako."

Nyamburi hakuhitaji kufafanuliwa, alijua tangu utotoni kwamba wapo wanaoamini viungo vya watu kama yeye huleta utajiri. Kule kwao Butiama mama yake alikuwa akimfungia ndani, madirisha yamekomewa, naye akikaa gizani akisikiliza nyayo nje asijue ni za jirani au za nani. Nyayo zile zilimtisha kuliko sura yoyote aliyowahi kuiona baadaye.

"Weka paa peke yake," alisema. "Anayenijia nimwone."

"Naye akuone?" aliuliza Mugeta.

"Ameshaniona."

Walipitia kituo cha polisi, wakaandikisha maelezo, wakaambiwa wasubiri. Lakini ng'ombe wagonjwa hawakusubiri. Jumatatu Nyamburi alishika njia ya Nyamuswa, na kwa mara ya kwanza shingo yake haikuungua. Alikuwa karibu kuufurahia ubaridi ule alipoiona pikipiki kwenye kioo.

Aliongeza mwendo, nayo ikaongeza. Akapunguza, nayo ikapunguza. Mwendeshaji alivaa helmeti nyeusi iliyomficha uso wote.

Mbele, wanawake walikuwa wakivuna pamba. Kila alipopita walimpungia, naye akawapungia bila kusimama. Safari hii alifunga breki katikati ya barabara, akaukandamiza mkono kwenye honi, asiuondoe. Wanawake wakatoka shambani na viroba vyao, wakalizunguka gari. Pikipiki ilisimama kwa mbali, injini ikinguruma. Kisha ikageuka, ikamezwa na vumbi.

"Nani yule?" aliuliza Ghati, mwanamke ambaye Nyamburi aliwahi kumtibia maksai wake.

"Simjui. Ninyi je?"

Wakatazamana. Wakatikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa msichana aliyesimama nyuma kabisa, aliyeinama na kuanza kufunga kiroba ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Ghati alimwangalia msichana yule kwa muda mrefu. Alitua pamba yake chini, akapanda, akaketi kando ya Nyamburi.

"Endesha, mwanangu."

Nyamburi aliwasha gari. Juu ya vichwa vyao upepo ulilikamata turubai jipya, ukalivuta, ukaliachia, ukalivuta tena.