Kichwa cha Lori Ndani ya Mpira

Nyumba yetu haijui maana ya mlango kufungwa. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni sebule: kiti kimoja cha mteja, mkeka wa wanaosubiri, na kochi la wale ambao hawasuki wala hawasubiri, wamekuja kusikia tu. Atakayekwambia watu wanafuata mikono yangu anakudanganya kwa adabu. Wanafuata habari.

Kwenye dirisha la sebule hiyohiyo ipo meza ya mume wangu. Aliendesha lori miaka ishirini na mbili, na mtaa mzima bado unamwita Dereva, ingawa magari yake ya siku hizi yanakaa kiganjani. Anayaunda mwenyewe kwa vipande vya plastiki, waya, bati la makopo na subira ambayo sijui alikuwa anaificha wapi wakati tunalea watoto. Mita nne na robo ya gari la kweli kwake ni sentimita kumi kamili, na ukimwambia "karibu kumi" anachukua rula. Mara ya kwanza alipohamishia vikorokoro vyake sebuleni nilisema nimeletewa mke mwenza. Wifi yangu, yaani dada yake, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko mlango wa pili, akanijibu, "Shukuru, wifi. Huyu mwenzio hali, na hana mama mkwe."

Sasa lori la safari hii halikuwa la kujifurahisha. Lilikuwa lilelile aliloendesha yeye na utingo wake, yule tunayemwita Kabari kwa sababu kila lori lilipokwama mlimani yeye ndiye aliyeruka chini na kusukuma kabari nyuma ya tairi kabla halijarudi nyuma na kuwazika wote wawili. Miaka ishirini na mbili, kiti kwa kiti. Lori lenyewe lilishakatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Sasa Kabari magoti yamegoma, na bintiye kaamua kumchukua akakae naye, mbali, safari ya siku mbili. Kuondoka ni Jumamosi.

Dereva alikuwa amechonga kichwa cha lori hilo kwa miezi minane. Kichwa tu, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Vioo vya pembeni, vidaraja vya kupandia, na juu ya kioo cha mbele ile kofia ya kukinga jua, nyembamba kama ukucha. Hata mlango wa upande wa utingo ulikuwa umebonyea kidogo pale ulipobonyea kweli.

"Si umpe hicho, yaishe?" nilimwuliza.

"Nikimpa hiki, mimi nabaki na nini? Nikibaki nacho, yeye anaondoka na nini?"

Ndiyo maana akaamua kukitolea kalibu, ili kizae wenziwe. Utaratibu wake nimeuona mara nyingi mpaka naweza kuufundisha. Kuna mpira wa maji, mzito kama uji, unaochanganywa na dawa ya kugandisha. Kichwa unakilaza ndani ya kisanduku, nusu kimezama kwenye udongo wa kuchezea, nusu kiko nje, unamimina mpira. Kesho yake unageuza, unatoa udongo, unamimina nusu ya pili. Mpira ukikauka unazitenganisha nusu mbili kama unavyofungua kitabu, unatoa kichwa, na pale kilipokuwa pamebaki shimo lenye sura yake. Hapo sasa unamimina resini, ile plastiki ya maji inayoganda kwa nusu saa, unapata kichwa kipya.

Ila kati ya nusu ya kwanza na ya pili lazima upake mafuta ya mgando, kila mahali. Mpira ule haushiki chuma, haushiki mbao, haushiki plastiki. Lakini ukikutana na mpira mwenzake unashikana naye kama ndugu waliopoteana utotoni.

Jumanne, siku ya nusu ya pili, sebule ilikuwa imejaa. Kitini nilikuwa na mwalimu wa chekechea, na habari ilikuwa ya yule bibi harusi aliyetoka ukumbini kubadilisha viatu akachelewa kurudi.

"Saa nzima?" akauliza wifi yangu, uzi mdomoni.

"Saa na robo! Bwana harusi kakaa pale kama mzigo uliosahaulika stendi."

Kichwa cha mwalimu kilikuwa kikavu, kinatoa unga. Mafuta yangu yalikuwa chumbani, na mimi ndio nilikuwa nakaribia patamu. Nikanyoosha mkono nyuma, nikachukua kopo la mafuta ya mgando mezani kwa Dereva, nikampaka mteja wangu, nikaendelea na habari. Kopo likaishia chini ya kiti.

Dereva alikuwa jikoni anachanganya mpira wake taratibu asiingize viputo. Akarudi na kikombe mkononi, akasimama pale mezani kidogo, kisha akamimina. Nilimwona kwa macho yangu, ila akili yangu ilikuwa ukumbini kwa bibi harusi.

Jumatano asubuhi akabomoa kisanduku. Likatoka bonge jeupe kama nusu mche wa sabuni. Akatafuta mstari wa kutenganisha. Akaligeuza. Akapitisha ukucha wa kidole gumba pembe zote nne. Mstari haukuwepo.

"Mama watoto," akasema, na sauti yake ikanifanya niache kitana kichwani mwa mtu. "Sikupaka mafuta."

Watu kwenye kochi wakainuka kuja kuangalia, jambo ambalo kwenye kochi lile halijawahi kutokea.

"Lipasue," alisema mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amerudi eti kurekebisha msuko mmoja.

"Nipasue wapi? Kichwa kiko humo ndani na sioni kimelala wapi. Wembe ukigusa ile kofia, imekwenda. Na mpira mwingine ukiagiza ni wiki mbili." Akaliweka bonge mezani polepole. "Nimemimina mara arobaini maisha yangu. Sijawahi kusahau mafuta. Mikono imeanza kusahau, basi. Baba naye alianza hivihivi, alianza na funguo."

Akaanza kukusanya visu vyake, kimoja kimoja, anavifunga kwenye kitambaa. Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira ya Dereva nimeizoea, ni ya dakika tano na kikombe cha chai. Huyu alikuwa anafunga visu kama mtu anayefunga duka.

Mimi nikatazama chini ya kiti. Kopo lilikuwa palepale linanitazama.

Nitasema ukweli: nilifikiria kulisukuma kwa mguu mpaka uvunguni. Mdomo wangu umeshatangaza siri za nusu ya mtaa, lakini hii moja ilinikaa kooni kama mfupa. Halafu nikamwona anatafuta kamba ya kufungia kile kitambaa.

"Baba watoto, hukusahau. Mafuta niliyachukua mimi. Nilimpaka huyu."

Nikamnyooshea kidole mwalimu, maskini, kana kwamba alinituma.

Dereva akageuka. Akaniangalia mimi, akaangalia kopo, akaangalia kichwa cha mwalimu kinavyong'aa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliyachukua mezani?"

"Nilikuwa nimefika kwenye viatu."

Nilijikaza kungoja dhoruba. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha barabarani, cha mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Kumbe nimeibiwa! Jamani, kumbe mimi mzima, nimeibiwa tu!"

"Mzima wapi?" wifi yangu akadakia kutoka mlangoni. "Mtu mzima angeona kopo halipo. Umemimina bila kupaka, kaka, mwizi hakukushika mkono. Akili ilikuwa wapi?"

Dereva akakuna shingo. Akajaribu kuangalia dirishani.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema.

"Unasikiliza nini? Si kila siku unasema umbea wetu unakupigia kelele?"

"Sasa nifanye nini, na nyinyi mnaongea kwa sauti?" Akanigeukia. "Na hukumalizia. Yule bibi harusi alirudi au hakurudi?"

"Alirudi. Na viatu vilevile."

Sebule nzima ikavunjika mbavu, na visu vikafunguliwa.

Lakini kucheka hakutoi kichwa kwenye mpira. Bonge lilikuwa palepale na Jumamosi ilikuwa palepale. Dereva akachukua wembe, akaupima katikati ya bonge, akauondoa. Wifi yangu akasogea, miwani kwenye ncha ya pua.

"Unataka kukata mstari ulionyooka?"

"Ndiyo. Kwani mwingine upo?"

"Ukikata hivyo, ukija kuzirudisha hizo nusu utajuaje kama zimekaa sawa? Zitateleza. Pua ya lori itakuwa huku, kisogo kule. Nikikata vipande viwili vya nguo vinavyokutana, naviwekea alama ukingoni. Wewe kata kwa mawimbi. Panda, shuka, panda, shuka. Wimbi la huku litaingia kwenye bonde la kule, na hakutakuwa na namna mbili za kufunga."

Dereva aliligeuza bonge huku na huku, kama mtu anayetafuta kasoro na haioni.

"Kata wewe," akasema.

"Mimi? Nikilivunja?"

"Mimi naona lori. Wewe utaona mpira tu, hutaogopa."

Akampisha kwenye kiti chake. Ndoa yangu ina miaka mingi na mimi sijawahi kukalia kiti kile. Wifi akabonyeza bonge kwa vidole kama anavyobonyeza kitambaa kutafuta pindo lililofichika. "Hapa pagumu. Hapa ndio kichwa. Hapa palaini." Akaanza kukata kwa wembe mpya, kidogo, anapanua kwa kidole gumba, anachungulia, anakata tena. Panda, shuka. Kila mtu alikuwa na ushauri.

"Kushoto kidogo, mama."

"Asiende kushoto, kushoto ndio kwenye kioo!"

"Mwenye kusema tena namkata yeye," akajibu wifi, bila kuinua macho.

Ilichukua karibu saa nzima. Mwalimu alikuwa ameshikilia msuko wake mwenyewe maana mimi mikono sikuwa nayo, ilikuwa mdomoni. Mwishowe bonge likafunguka kama ganda la kunde, na ndani yake kichwa cha lori, kijivu, kizima. Dereva alikitoa kwa ncha za vidole. Vioo vipo. Vidaraja vipo. Kofia ya jua ilikuwa imemeguka pembe moja, kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hapo nitapaziba," akasema. Halafu akamwambia dada yake, "Nimekuwa nikigawa kalibu kwa mistari iliyonyooka tangu nianze."

"Na barabarani je, ulikuwa unapinda kona au ulikuwa unapita moja kwa moja?"

Tangu siku hiyo hagawi kalibu tena bila mawimbi, na ukimwuliza kajifunza wapi, anasema ni ufundi wa zamani.

Alhamisi akafunga nusu mbili kwa mipira myembamba ya kufungia noti, akamimina resini. Kichwa cha kwanza kilitoka na tundu la kiputo juu ya paa, ungesema lori limepigwa risasi. Cha pili kikatoka safi. Cha tatu safi zaidi. Chasi na bodi vilikuwa tayari vinasubiri. Ijumaa ikawa ya rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kupepea, kupiga chafya wala kufagia. Nilisuka wateja nje, juani, na kochi likahamia huko bila kuambiwa.

Jumamosi saa nne Kabari akaja kuaga, na fimbo yake, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Mkwewe alimwacha mlangoni akaenda kujaza mafuta. Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Shemeji, hawa wote wamekuja kuniaga au wamekuja kusuka?"

"Wamekuja kuona kama utalia."

"Watakesha."

Dereva hakutoa hotuba. Alimwekea lori mapajani kama mtu anayemrudishia mwenzake mwavuli. Kabari akatoa miwani, akaivaa, akaivua akaifuta, akaivaa tena. Alipitisha kidole kwenye mlango wa upande wake, kwenye kile kibonyeo.

"Rangi umeipendelea," akasema mwishowe. "Halikuwa safi hivi hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naliosha, najua."

"Nyamaza, utingo."

"Nanyamaza, dereva."

Halafu kidole gumba chake kikasimama kwenye mstari ubavuni mwa kichwa, chini ya rangi, mahali ambapo msasa haukumaliza kazi. Akaurudia. "Huu mstari ni wa nini? Unapanda na kushuka kama barabara ya milimani."

Laiti angeuliza kingine. Sebule nzima ikafungua mdomo kwa wakati mmoja. Mwalimu wa chekechea alianzia kwenye kichwa chake kikavu. Wifi alianzia kwenye wembe. Jirani wa kochini, ambaye Jumatano hakuwepo kabisa, alieleza jinsi alivyokuwepo. Mimi nikasema waniachie mimi, mwizi ni mimi, na mwizi ndiye anayejua alivyoiba. Dereva akasema wote waongo, akaanza yeye, na bila aibu akaanzia kwa bibi harusi.

Honi ikalia nje. Mara moja, mara mbili. Kijana mmoja akachungulia akasema mkwe anaita, safari ndefu.

Kabari alikuwa amelikumbatia lori kwa mikono miwili, fimbo imeanguka chini hana habari nayo.

"Mwambieni asubiri," akasema. "Hatujafika hata kwenye kukata."