Wifi Amefungwa Kizazi

Katika nyumba ya Bibi, Wifi alikuwa paka. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimsimulia mtu asiyetujua, hunikatiza katikati kuuliza ni mke wa kaka yangu yupi aliyekuwa akilala juu ya cherehani.

Jina alilitoa Bibi mwenyewe. Alipoolewa, alimkuta wifi yake mmoja mwenye tabia ya kuingia jikoni bila hodi, kufunua sufuria, kunusa, kufunika, na kuondoka bila kusema neno. Miaka mingi baada ya huyo wifi kufariki, kijipaka cha kijivu kiliingia jikoni kwa Bibi, kikapanda mezani, kikanusa sufuria, kikageuka na kutoka mkia juu. Bibi akaweka mwiko chini. "Umerudi, wifi yangu," akasema. Basi.

Intaneti ilipofika mtaani kwetu, vijana walimsikia Bibi kila jioni akiita "Wifi, Wifi" kutoka barazani, wakaanza kuegemea ukuta wetu na simu zao mkononi. Mmoja alijikaza akauliza, "Samahani Bibi, wifi yenu ina nguvu?"

"Nguvu sijui, mjukuu wangu," Bibi alimjibu. "Kucha anazo."

Mbwa alikuwa Karani. Rangi ya udongo mkavu, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Hakuwa mpiga kelele. Alikaa getini kichwa kikiwa upande, akikutazama kama karani wa ofisini anayesubiri useme shida yako, na hata ukishaisema alikuacha usimame kidogo ili ujue kwamba yeye ndiye mwenye meza.

Nilihamia kwa Bibi nilipoanza diploma, nikabaki hapo nilipopata kazi kwenye duka la kuchapa mabango, ambako kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi kabla hayajatundikwa barabarani. Bibi alikuwa fundi wa nguo. Siku niliyofika na begi langu, alinipa masharti akiwa na pini mdomoni: "Wewe utakula kwangu. Hawa wawili watakula kwako."

Hivyo asubuhi zangu zilikuwa zao. Kumwaga maji ya jana na kuweka mapya. Kufagia uchafu wa Karani kabla mtu hajaukanyaga. Kumpapasa nyuma ya masikio kutafuta kupe, naye anafumba macho kama mzee anayenyolewa. Kumtembeza akiwa na kamba shingoni kabla watoto hawajajaa njiani, kwa sababu wapo wanaoogopa mbwa na barabara ni yao pia. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kila mwaka Karani alijifanya hanijui tukiwa kwenye foleni ya chanjo. Nililalamika sana wakati ule. Leo nikipita karibu na fundi yeyote nikanusa yale mafuta ya cherehani na kitambaa kipya kilichopigwa pasi, mkono wangu hushuka wenyewe kutafuta kichwa cha mbwa.

Tatizo letu lilikuwa kapu la vipande.

Bibi aliweka mabaki ya vitambaa kwenye kapu kubwa chini ya meza ya kukatia, na humo ndimo Wifi alimozalia. Mwanzoni ilikuwa furaha. Mteja alikuja kuchukua gauni akaondoka na gauni na mtoto wa paka. "Usiniambie huna nafasi," Bibi alikuwa akiwaambia, "kitu chenyewe hakizidi kiatu." Lakini Wifi hakupumzika. Watoto wake nao wakakua, wakazaa kwa majirani, na ikafika mahali mtaa mzima ni ukoo mmoja wa kijivu. Wateja wakaanza kutuma watu kuchukua nguo zao. Mama mmoja alisimama nje ya geti akaomba arushiwe sketi.

Hapo ndipo Baba Mdogo aliposhika usukani. Yeye ni kitinda mimba wa Bibi, lakini tangu Babu afariki ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga vikao vya ukoo, na hata Bibi mwenyewe hakuzoea kumpinga mbele ya watu. Wifi akishazaa na watoto wakafumbua macho, Baba Mdogo alikuja na gunia. "Nawapeleka sokoni," alisema. "Kule watu wanawahitaji, kuna panya." Hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi pia sikuuliza.

Mara ya mwisho, gunia lilipoondoka, Wifi alipita chumba hadi chumba akiita. Aliingia kapuni, akatoka, akaingia tena, akachakura vile vipande kana kwamba amepoteza kitufe. Nilimpelekea Bibi chai barazani. Cherehani ilikuwa inanguruma, miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka kwa kasi. Nikainama kuweka kikombe, nikaona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Bibi alikuwa akishona hewa ili asisikie.

"Bibi," nikamwambia, "kuna daktari wa mifugo nyuma ya lile duka la chakula cha kuku. Anaweza kumfunga Wifi kizazi. Hataweza kuzaa tena, hatutahitaji gunia."

Akaendelea kukanyaga.

"Bibi, nakuuliza."

"Usiniulize." Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Ukiniuliza nitakataa. Mimi nimelelewa nikiambiwa kizazi hakichezewi, na umri huu sitabadilika. Kwa hiyo usiniulize."

Mimi ni mtu wa maneno. Najua tofauti ya "usifanye" na "usiniulize". Wifi alipopata nafuu na maziwa yakamkauka, nilimtia kapuni, nikafunika na khanga, nikaondoka naye.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongea na ng'ombe. Alitoa kadi. "Jina la mgonjwa?"

"Wifi."

"Nimeuliza la mgonjwa, dada. Wifi yako atasubiri nje."

"Mgonjwa ndiye Wifi. Yumo humu kapuni."

Akafunua khanga, akatazamana na yale macho ya manjano yasiyo na heshima kwa mtu. "Kweli ni wifi," akasema, akaandika.

Nilikaa kwenye benchi la nje katikati ya magunia ya pumba. Daktari alipotoka akaniambia kila kitu kimekwenda sawa, nilipata ile furaha inayomfanya mtu atake kumwambia kila mtu. Tulikuwa na kundi la familia kwenye simu, na humo nilikuwa nikituma picha za wanyama kila mara, hakuna asiyejua jina la paka wa Bibi. Nikaandika: "Wifi amefanyiwa upasuaji leo, amefungwa kizazi. Bado ana usingizi ila anaendelea vizuri." Nikaweka simu kwenye mkoba, nikaingia kumchukua mgonjwa wangu.

Sasa, kaka yangu anaendesha malori ya masafa. Mkewe, wifi yangu wa damu na nyama, ana saluni. Walikuwa wameoana miaka kadhaa bila mtoto, na ukoo ulikuwa umeota masikio marefu juu ya jambo hilo. Kila sherehe, shangazi fulani lazima amtazame tumbo kabla ya kumtazama uso.

Nilipofungua simu nyumbani, kundi lilikuwa linawaka. "Pole sana kwa kaka." "Mungu ndiye mpaji." "Bora ijulikane." Na sauti ya Baba Mdogo, nzito, imerekodiwa akiwa anatembea: "Mwanamke anafungwaje kizazi bila ukoo kukaa? Nani ametoa ruhusa? Nataka kujua nani ametoa ruhusa."

Kaka alikuwa amepiga mpaka akachoka. Nikampigia. "Ni paka," nikasema kabla hata ya salamu. Nikasikia lori likivutwa pembeni, breki zikipumua, kisha kicheko kilichoendelea mpaka aliyekuwa nyuma yake akaanza kupiga honi.

Wifi wa saluni alipiga baadaye, mikono ikiwa imetoka kwenye povu la mteja. "Wifi, nasikia nimepasuliwa."

"Umepasuliwa, wifi yangu."

"Naendeleaje?"

"Una usingizi kidogo. Ila umekula samaki."

Tukacheka hadi akalazimika kukaa. Kisha nikasikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma nyuma yake. "Nimesoma walichoandika," akasema.

"Chote?"

"Chote. 'Bora ijulikane.' Kijulikane nini, wifi?"

Niliangalia kapu. Wifi wa pili alikuwa ameamka, kavaa ile plastiki ya shingoni mfano wa faneli ya kumiminia mafuta, anajaribu kurudi nyuma ajinasue.

Jumapili Baba Mdogo aliitisha kikao sebuleni kwa Bibi. Kaka alikuwa safarini. Mkewe alikuja kwa niaba yake, nywele zimesukwa vizuri kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Karani alilala mlangoni. Wifi alikuwa chini ya kochi, na kila alipogeuka ile faneli iligonga mguu wa kochi, ko, katikati ya hotuba.

"Binti huyu," Baba Mdogo alisema, "ameleta taharuki katika ukoo. Watu wamepiga simu kutoka mbali. Mimi mwenyewe presha imepanda. Pili, amefanya upasuaji kwa mnyama wa nyumba hii bila kumuuliza mtu." Ko. "Nyumba hii sasa inaongozwa na wanyama. Kwa hiyo nimeamua. Mbwa ataenda kwa rafiki yangu wa karakana ya mbao, mbwa wake amekufa na mnyororo uko pale pale. Paka naye nitampeleka sokoni. Isipokuwa binti aombe radhi hapa, mbele ya wote. Basi, yaishe."

Nilijua ile karakana. Nilikuwa nimepita hapo nikamwona yule mbwa aliyekufa alipokuwa hai: mnyororo mfupi, bakuli la maji limejaa vumbi la mbao. Nikamtazama Karani. Alikuwa ameegesha kidevu kwenye kiatu cha Baba Mdogo, kwa sababu hakuwa na ubaguzi. Neno moja tu lingemwokoa. Niliwaza, ni hewa inayotoka mdomoni, sema umalize. Nikafungua mdomo.

"Subiri," Bibi akasema.

Baba Mdogo akamgeukia kwa upole. "Mama, wewe uliulizwa kuhusu huyu paka?"

"Sikuulizwa."

"Mmesikia."

"Nilimwambia asiniulize," Bibi akaendelea. "Kama vile mimi sikukuuliza wewe. Leo nakuuliza, mwanangu. Lile gunia lilikuwa linafika wapi?"

"Sokoni, Mama. Si nilisema?"

"Nani aliwapokea?"

"Watu. Wenye maduka, wenye nafaka."

"Mtaje mmoja."

Faneli iligonga kochi. Baba Mdogo aliangalia viatu vyake, na kwa kuwa kimoja kilikuwa na kichwa cha mbwa, akaangalia kile kingine.

"Nilikuwa nawaweka nyuma ya jalala," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu utotoni. "Nilidhani wataokotwa."

Bibi hakumkaripia. Alikunja mikono juu ya mapaja. "Nami nilikuwa nakanyaga cherehani," akasema. "Basi Karani haendi karakana. Na Wifi atabaki hapa kama alivyo."

Wifi wa saluni akainua kichwa. Chini ya kochi, faneli nayo ikainuka.

"Wote wawili," Bibi akasema. "Na yeyote mwenye la kusema kuhusu tumbo la huyu aliyekaa kwenye kiti, aje aniambie mimi kwanza."

Hivyo ndivyo walivyobaki. Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi, ingawa hakuna kilichotokea: Wifi kanenepa, analala juu ya suruali za watu, wateja wamerudi kuchukua nguo wenyewe, Karani getini na meza yake isiyoonekana, Baba Mdogo akipita Jumapili na mifupa kwenye mfuko, akidai ilikuwa inatupwa. Kapu lilirudi kuwa la vipande. Kisha Bibi akaondoka, kama wazee wanavyoondoka, na cherehani ikaenda kwa mjukuu mwingine, na nyumba ina wapangaji wasiopenda manyoya. Karani aliishi kwangu hadi miguu ya nyuma ilipokataa. Nilimshika kichwa wakati daktari yule yule akimchoma sindano ya mwisho, na hiyo nayo ni sehemu ya kufuga, ile ambayo watu hawakuelezi unapopewa kitu kisichozidi kiatu.

Wifi bado yupo, kwangu. Meno yamebaki machache, dharau yote ipo.

Na kila tukikutana, msiba au arusi, Baba Mdogo hunivuta pembeni. Amezeeka, anasema kwa utani, lakini si utani wote. "Binti, mbwa nilimwacha, paka nilimwacha. Ila ile taharuki hujaiombea radhi mpaka leo. Ungeandika tu 'paka'."

Ningeandika hivyo kwa nini? Paka alikuwa na jina, na wote walilijua. Kiswahili kinampa paka kiambishi kile kile kinachompa mke wa mtu: anaumwa, analala, anapona. Sentensi yangu ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Waliosoma jina la paka wakaona tumbo la mwanamke, walikuwa wameshaliangalia siku nyingi. Nilimpeleka mnyama wangu kwa daktari, nikasema anaendelea vizuri.

Siombi radhi, Baba Mdogo. Si kwa upasuaji, si kwa ujumbe, wala kwa presha yako. Siombi.