Miguu ya Mbele

Pikipiki ya Shamimu ilikuwa inavuja. Ukiiegesha ukaenda kunywa chai, ukirudi unakuta madoa mawili ya mafuta kando ya gurudumu la mbele.

Ni pikipiki kubwa ya safari, ya kufungia mizigo na kuvuka mikoa. Mhandisi mmoja wa barabara aliyemaliza mkataba aliiacha Nachingwea ikiwa imekufa, na Shamimu akaifufua kwa miaka miwili. Injini aliiweza. Kilichomshinda ni shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Mabomba yake yalikuwa yameliwa na kutu, na kila sili mpya aliyoiweka, ule mpira wa kuzuia mafuta, ilikatika kabla ya siku tatu kuisha.

Mwezi huo kikundi cha waendesha pikipiki kilikuwa kinasafiri kutoka Mtwara kwenda Mbeya, na walitaka fundi wa kufuatana nao. Kiongozi wao alimwambia kwa simu, "Tukukute Masasi Jumamosi na pikipiki yako mwenyewe. Ikivuja, rudi nayo nyumbani." Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati, na Shamimu ni rafiki yangu tangu darasa la tano. Nampenda kwa sababu hufanya yale ambayo mimi nayawaza tu. Watu wakimwuliza ni mwanamke gani anayenuka petroli, anajibu, "Mwenye kazi," na kuendelea kukaza nati. Mimi hata muuza nyanya akinipunja, namshukuru.

Geofrey, rafiki yetu anayechonga vyuma kwa mashine, ndiye aliyeleta habari.

"Ruangwa kuna pikipiki kama hii kwa Mzee Mohamedi," alisema. "Injini imeungua, lakini mbele ni nzima kabisa. Ila mzee haiuzi. Watu wa skrepa kawafukuza, wenye hela kawafukuza."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ya mwanawe Huzaifa. Aliugua, akafariki."

Shamimu alifuta mikono. "Tutakwenda kuomba. Akikataa, tumemsalimia."

Jumatano tulifika kwa mzee, sisi watatu. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka na kutuletea maji. Pikipiki ilikuwa bandani pamoja na magunia ya ufuta, imefunikwa shuka safi. Shamimu alipoonyeshwa alichuchumaa mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa. Kisha akaeleza shida yake yote bila kupamba.

"Mwanangu, umeomba vizuri," mzee alisema. "Lakini nikipokea hela ya chombo hiki nitaona nimemla mtoto wangu. Siwezi."

"Nimekuelewa, Baba," Shamimu alisema. Hakubembeleza.

Tulipoinuka kuaga, mzee akatuuliza kwetu, mmoja mmoja. Shamimu ni Mmwera wa Kiegei, naye Geofrey ni Mmwera wa Mnero. Mzee akafurahi kuona ni watoto wa nyumbani. Kisha akanigeukia.

"Na huyu bubu?"

"Edina Ngonyani," nilisema kwa sauti ndogo. "Baba yangu alitoka Peramiho, akaja kufundisha Mnero."

Mzee akaacha mdomo wazi. "Ngonyani? Kumbe nimempa maji Mngoni! Babu zako walikuja hapa wakachukua mbuzi wetu, wakachukua na bibi zetu. Leo umefuata nini?"

Ni utani. Vita vya zamani vya Wangoni na Wamwera siku hizi vimebaki matusi ya kuchekesha, na mtani anaweza kuingia kwako akachukua kitu bila kulipa, usimkasirikie. Baba yangu ni bingwa wa mambo hayo. Msibani huwatukana wafiwa hadi wanacheka huku wanalia. Mimi siku zote hujificha nyuma ya mama. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyemaliza kusema. Alikuwa anasubiri.

"Nimefuata walichosahau," nilisema. Masikio yaliniwaka moto. "Mbuzi walikuwa na miguu minne, wakatembea wenyewe. Hiki kina miguu miwili, kikawashinda kubeba. Nimetumwa hiyo miwili tu."

Geofrey alikohoa. Shamimu alinigeukia kana kwamba sauti imetoka kwenye gunia.

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia na kujifuta nayo macho, na macho hayakukauka upesi.

"Mwizi wewe, umechelewa miaka mitatu! Arobaini ya mwanangu ilipita hapa bila mtani hata mmoja. Watu walikaa na nyuso zao ndefu, wakala pilau, wakaondoka. Hakuna aliyenitukana."

"Tulikuwa bado tunawamalizia wale mbuzi, Babu."

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua, Mngoni! Na usinipe hata shilingi, usije ukaniharibia utani wangu."

Shamimu na Geofrey walifungua mbele yote: shokapu, gurudumu, diski na breki. Mzee mwenyewe alishika usukani usiyumbe, akinionya kila dakika nisiibe na gurudumu la nyuma.

Alhamisi nilimwona rafiki yangu akifanya kazi kama sijawahi kumwona. Pikipiki zilifanana lakini hazikuwa za mwaka mmoja: nondo ya usukani, inayoingia kwenye shingo ya fremu, haikulingana na shingo ya pikipiki yetu, ikabidi Geofrey aing'oe na kupachika ile ya zamani. Alichonga, Shamimu akapima, akasema bado. Akachonga tena, bado. Mara ya tano iliingia, ikazunguka bila kukwama, na Geofrey akasema, "Dada, wewe unatesa watu." Shamimu akacheka, akaanza kubadilisha sili. Mafuta aliyapima kwa bomba kubwa la sindano nililonunua duka la dawa, kila mguu sawasawa na mwenzake. Aliinama hadi jicho likawa usawa na mstari, pumzi ameishika. Wauguzi wengi, na mimi nikiwemo, hatupimi dawa kwa heshima ile.

Ijumaa mchana tulikwenda kuijaribu hadi Ruponda, mimi nyuma na mizigo yote imefungwa. Barabara ilikuwa na mawimbi na makorongo, malori ya ufuta yakitupulizia vumbi. Shamimu hakukwepa kitu. Kila shimo aliliingia makusudi, na kila mara mbele ilizama taratibu, ikanyanyuka, ikatulia. Nilikuwa nimejiandaa kuumia mgongo; nikajikuta nimemwachia kiuno.

Akasimamisha pembeni. "Angalia wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Nilipiga magoti, nikapitisha kidole kuzunguka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kilitoka na vumbi. Nikakisugua: vumbi kavu, jekundu, tupu. Nikamwonyesha.

Shamimu akakisugua naye kile kidole. Kisha akatoa simu.

"Ni Shamimu, fundi wa Nachingwea," alisema. "Kesho mnapita Masasi saa ngapi?"